TAZARA, Aswan au bwawa la Ethiopia: stori yako ya kijasusi uijenge juu ya mradi upi?

Kama umeshapata jina la jasusi wako, unajua anavaa nini na anatembeaje, ila hujui umtumbukize kwenye mkasa gani, hii nakuandikia wewe. Wengi tunaoandika riwaya za kijasusi kwa Kiswahili, hasa tunaozitoa sura moja moja kwenye magrupu ya WhatsApp, tunafika mahali tunataka kitu kikubwa kuliko kifo cha tajiri mmoja wa Masaki. Tunataka reli, bwawa, mfereji, kitu ambacho mataifa yanakitolea macho. Na hapo ndo watu wanakwama, sio kwamba miradi hakuna, ipo mingi mno na kila mmoja ukiusoma kidogo unasema huu ndo wenyewe, afu kesho unakutana na mwingine unaanza upya.

Mi nimehangaika na mitatu kwa miaka kadhaa: reli ya TAZARA, bwawa la Aswan kule Misri, na bwawa kubwa la Ethiopia kwenye Nile ya Bluu. Yote mitatu nimeiandikia kitu, mingine nikamaliza mingine nikaacha njiani. Ngoja niiweke pembeni kwa pembeni ili we uchague unaokufaa, maana unaonifaa mimi unaweza usikufae kabisa.

Kwanza tukubaliane tunapima nini

Riwaya yangu ya kwanza ya aina hii ilianza na daraja linalolipuka. Sura ya kwanza watu waliipenda, meseji usiku kucha. Nilipofika sura ya sita nikakauka, sina cha kuandika, na nilipotafuta sababu nikaiona: nilijua baruti imefungwa wapi lakini sikujua nani alilipia lile daraja, kwa masharti gani, na nani alinyimwa. Daraja halikuwa na maisha kabla ya kulipuka, kwahiyo kulipuka kwake hakukumuuma mtu. Toka siku hiyo kila mradi naupima kwa mambo matano.

La kwanza ni pesa na sahihi, yaani nani alitoa hela, nani alikataa, na karatasi gani ilisainiwa wapi. La pili naliita saa, kitu kinachowakimbiza watu ili msomaji asiweke simu chini. La tatu ni kazi yenyewe, zege, chuma, udongo, kitu gani kinaweza kukwama au kuharibika kikawa siri. La nne ni mtu mdogo, yule ambaye si rais wala balozi ila amekaa mahali anaona vitu, na kwangu hili linazidi yote kwasababu msomaji anaingia kwenye mradi mkubwa kupitia macho ya mtu mdogo, asipokuwepo unabaki na gazeti. La tano ni vyanzo na hatari: unapata wapi habari za kweli, na nani anaweza kuumia ukikosea.

TAZARA

Pesa na sahihi. Zambia haina bahari. Shaba yake ilikuwa inatoka kwa kupita Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, na tarehe 11 Novemba 1965 waziri mkuu wa huko Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi wachache, yaani roho ya uchumi wa Zambia ikawa mkononi mwa adui. Mafuta ikabidi yabebwe kwa ndege, kwenye mapipa. Nyerere na Kaunda walikuwa wanataka reli ya kwenda Dar es Salaam, Benki ya Dunia na wakubwa wa Magharibi wakasema hiyo reli hailipi. China, ambayo wakati huo yenyewe ilikuwa nchi masikini, ikasema tutajenga. Makubaliano yakasainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967, mkopo wa yuani milioni 988 bila riba, ulipwe kwa miaka 30.

Sasa kuna kipande cha hii habari ambacho watu wengi wanakiruka na mi nadhani ndo dhahabu. Mishahara na gharama za huku nyumbani zililipwaje? China ilileta bidhaa zake kwa mkopo, zikauzwa madukani Tanzania na Zambia, na shilingi zilizopatikana ndo zikalipa kazi. Kwa bibi yangu kulikuwa na beseni la bati lenye ua jekundu katikati, rangi imebanduka ukingoni kikabaki cheusi, na ukiligeuza chini lina maandishi ya Kichina yamefifia. Tulikuwa tunanawia mikono kabla ya kula. Nilikuwa mtu mzima ndo nikaja kufikiria kwamba huenda lile beseni lilikuwa sehemu ya reli, kwamba bibi alipolinunua shilingi zake zilikwenda kununua siku ya kazi ya kibarua huko Mlimba. Mwandishi wa kijasusi akisikia hivyo anatakiwa asimame. Maana yake mlango wa kuingilia mradi mzima uko kwa karani wa stoo bandarini anayehesabu masanduku, siku moja sanduku moja uzito wake haulingani na karatasi.

Na usisahau wakati Wachina wanajenga reli, barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuwa inajengwa kwa msaada wa Wamarekani, sehemu nyingine njia mbili hizi zinakaribiana kabisa. Vita baridi ya kuiona kwa macho, kambi hii na kambi ile, katikati yao kijiji kimoja kinauzia pande zote mbili ndizi.

Saa. Hapa TAZARA ina udhaifu, lazima niseme. Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970, reli ikakabidhiwa Julai 1976, na ilikwenda vizuri, iliisha kabla ya muda. Stori ambayo kila kitu kinaenda vizuri haina mapigo. Kwahiyo saa lazima uikope pembeni, na zipo. Februari 1969 Eduardo Mondlane wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa Dar kwa bomu lililofichwa kwenye kitabu kilichotumwa kwa posta, mji ulikuwa umejaa wapigania uhuru na wanaowawinda. Aprili 1974 mapinduzi ya Ureno, mkoloni wa Msumbiji na Angola, yakabadilisha hesabu za ukanda mzima. Ila saa nzuri kuliko zote iko baada ya reli kuisha: Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua madaraja ya Chambeshi kaskazini mwa Zambia, la reli na la barabara, huku mazungumzo ya Lancaster House ya kumaliza vita ya Rhodesia yanaendelea London. Yaani watu wamekaa mezani wanaongea amani na wakati huo huo mtu anakata njia ya chakula ya Kaunda ili mezani alegee. Hapo daraja likilipuka linauma, kwasababu tayari unajua nani alilipia.

Kazi yenyewe. Kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, madaraja zaidi ya 300, mahandaki zaidi ya 20. Kipande kilichotesa watu ni Mlimba mpaka Makambako, unatoka bonde la Kilombero lenye maji na tope unapanda milima, mahandaki mengi ya reli nzima yapo hapo. Na kuna jambo la upana wa reli. Reli ya kati ina milimita 1,000, TAZARA ina 1,067, tofauti ni kama vidole vinne vya mtu mzima vikikaa pamoja. Hivyo vidole vinne maana yake behewa la kutoka Kigoma haliwezi kuingia kwenye TAZARA, lakini la kutoka kusini mwa Afrika linaweza kufika Dar. Mhandisi anayechagua milimita 67 anachagua bara litaungana na nani. Ukiweza kuandika kikao kimoja tu ambacho watu wanabishana juu ya hizo milimita na msomaji akashika roho, umeshafuzu.

Mtu mdogo. Mkalimani. Maelfu kwa maelfu ya Wachina na Waafrika kwenye mstari mmoja, hawana lugha moja, kila siku kazi inakwenda kwa ishara na kwa maneno machache ya Kiswahili yaliyookotwa. Yule kijana anayesimama katikati anasikia pande zote, na neno analoamua kutolitafsiri linabadilisha kitu. Sijaona mhusika bora kuliko huyo.

Vyanzo na hatari. Wazee waliojenga bado wapo wengine, Mlimba, Ifakara, Makambako, Mbeya, ukimkuta mzee mwamkie vizuri kaa chini usitoe simu haraka, atakwambia. Gongo la Mboto kuna makaburi ya Wachina waliofia huku, zaidi ya 60. Na treni unaweza kupanda mwenyewe. Mi nilipanda Dar mpaka Mbeya, ile alfajiri tunaingia kwenye mahandaki taa za behewa zikakatika, mama mmoja pembeni yangu akaanza kuvuta kioo cha dirisha juu bila kuangalia, mkono wake unajua lachi iko wapi, na hewa ikawa na harufu ya vumbi la mawe yaliyolowa. Hiyo sentensi sikuitoa intaneti. Hatari yake ni moja: hii ni reli ya heshima kwetu, Reli ya Uhuru, na unaweza ukaipenda mpaka ukashindwa kuweka mtu mbaya upande wa nyumbani. Bila huyo stori itakuwa hotuba.

Aswan

Pesa na sahihi. Hapa TAZARA inapitwa, kusema kweli. Desemba 1955 Marekani na Uingereza walimwahidi Nasser, kiongozi wa Misri, hela za kuanzia bwawa, dola milioni 56 na milioni 14, na Benki ya Dunia ingekopesha milioni 200. Baada ya hapo mambo yakaharibika. Nasser alikuwa ameshanunua silaha za upande wa Kisovieti kupitia Czechoslovakia, Mei 1956 akaitambua China ya Mao, huko Marekani wabunge wa majimbo ya pamba wanalalamika kwanini tumsaidie mshindani wetu. Tarehe 19 Julai 1956 balozi wa Misri akaenda kwa Dulles, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, kusema tumekubali masharti, akajibiwa ahadi imefutwa.

Siku saba. Tarehe 26 Julai Nasser anahutubia Alexandria, redio nchi nzima, na ndani ya hotuba ameficha neno la siri, jina la de Lesseps, yule Mfaransa aliyechimba mfereji wa Suez. Mhandisi Mahmoud Younis na watu wake wako tayari karibu na ofisi za kampuni ya mfereji wanasikiliza. Nasser akalitaja, afu akalirudia na kulirudia kana kwamba anaogopa hawajasikia. Wakaingia. Hotuba inaisha, mfereji umeshachukuliwa, na mapato yake ndo yajenge bwawa. Huwezi kutunga kitu kama hicho mtu akuamini, na kimetokea.

Saa. Zipo tele, mpaka utachagua. Ile wiki moja ya Julai. Ule usiku wa katikati ya Septemba ambapo marubani wa kigeni wanaoongoza meli waliondoka kwa pamoja ili dunia ione Wamisri hawawezi, na meli zikapita. Mwisho wa Oktoba Waingereza, Wafaransa na Waisraeli wamejifungia kwenye nyumba moja Sèvres, nje ya Paris, wanapanga vita ya kuigiza: Israel ishambulie, afu wengine wawili waje kama wasuluhishi. Waliandika wakasaini, na waziri mkuu wa Uingereza, Eden, alipojua kuna karatasi alituma maofisa warudi Ufaransa wakaombe nakala ziharibiwe. Nakala ya Ben-Gurion, waziri mkuu wa Israel, ilibaki. Riwaya nzima inaweza kuwa hiyo karatasi, nani anayo na iko wapi. Tarehe 29 Oktoba vita ikaanza, Marekani ikawabana wenzake kwa hela, wakatoka, na Januari 1957 Eden akajiuzulu.

Kazi yenyewe. Ujenzi ulianza Januari 1960 kwa hela na wataalamu wa Kisovieti, Mei 1964 Nasser na Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, wakasimama pamoja mto unapogeuzwa, bwawa likaisha 1970, mwaka ambao Nasser alifariki. Tuta lina urefu wa kilomita 3.8 na kimo cha mita 111, mitambo 12, megawati 2,100. Kiuhandisi ni mlima wa mawe na udongo. Ila pembeni kuna Abu Simbel, hekalu la mafarao lililokatwa vipande vya tani nyingi kati ya 1964 na 1968 likapandishwa juu mita kama 65 ili maji yasilimeze. Hebu fikiria ukitaka kupitisha kitu ambacho hakitakiwi kuonekana, kati ya mawe zaidi ya elfu yaliyopigwa namba.

Mtu mdogo. Hapa ndo nilipoacha kuandika nikakaa kimya siku nyingi. Wanubi, wenyeji wa kando ya Nile pale bwawa lilipojaza maji. Zaidi ya watu laki moja, Misri na Sudan, walihamishwa, wa kaskazini wakapelekwa Kom Ombo, wa Sudan wakapelekwa Khashm el-Girba mbali kabisa na Nile, na Wadi Halfa yao ikazama. Kwenye stori za Suez wakubwa wanaongea sana na Mnubi hayupo hata chumba kimoja. Ukimweka, tuseme karani wa posta wa Wadi Halfa anayepokea simu za pande zote na anajua tarehe ya maji kabla ya mama yake, riwaya inabadilika. Inakuwa na kitu cha kupoteza ambacho ni zaidi ya ramani.

Vyanzo na hatari. Nyaraka nyingi zimeshafunguliwa, habari zipo mpaka za saa na dakika, kwahiyo utafiti unaufanyia kitandani. Ubaya wake ni kwamba vingi viko kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu, na ukisoma vya London tu utaandika kama mtu wa London, Nasser atakuwa kelele kwenye redio. Pili, miji yenyewe, Port Said, Ismailia, kama hujafika kazi ya kuijenga ni kubwa, msomaji wa Kiswahili hana picha kichwani ya kukusaidia kama alivyo nayo kwa Kurasini.

Bwawa la Ethiopia

Pesa na sahihi. Huu ni mradi ambao karibu hakuna mkubwa wa nje aliyekubali kuulipia, na hicho ndo kinaufanya wa kipekee. Ulianza Aprili 2011, wiki chache baada ya rais Mubarak wa Misri kuanguka, kabla ya kutangazwa ulikuwa unaitwa kwa siri Mradi X. Misri ilikuwa na presha yake ya ndani, waziri mkuu wa Ethiopia Meles Zenawi akaweka jiwe la msingi. Hela wakachanga Waethiopia wenyewe, hati fungani, wafanyakazi wa serikali wakikatwa mshahara, na walioko nje nao wakichangia. Muuza kahawa ana karatasi inayosema anamiliki kipande cha bwawa. Ukiweka jasusi anayetaka kuuvunja huo mradi, anamvunjia muuza kahawa akiba yake, hilo peke yake linatosha kuendesha hisia.

Na sisi tumo, sio kwa kulazimisha. Mkataba wa 1929 uliipa Misri sauti juu ya maji mpaka ya ziwa Victoria, na mwaka 1962 Nyerere aliandika kwamba Tanganyika haifungwi na mikataba ya mkoloni kuhusu Nile. Mei 2010 pale Entebbe, Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda walisaini makubaliano mapya ya bonde la Nile, Misri na Sudan wakakataa. Afu angalia hii: bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, limejengwa na kampuni za Misri. Nchi inayopigania maji ya Nile inatujengea sisi bwawa kwenye mto mwingine. Hakuna kosa lolote hapo, ila kwa mwandishi hiyo ni zawadi, mhandisi mmoja wa Kimisri yuko Rufiji, simu inapigwa kutoka Cairo, anaulizwa anamjua nani Addis.

Saa. Mvua. Kila Julai na Agosti mto unajaa, na lango likifungwa maji yanaanza kupanda nyuma ya ukuta. Ujazo wa kwanza ulikuwa Julai 2020, umeme wa kwanza Februari 2022, uzinduzi rasmi 9 Septemba 2025. Kati ya hapo vikao Washington, vikao Baraza la Usalama, na Oktoba 2020 rais Trump anasema hadharani kwamba Misri italilipua. Hesabu tamu iko hapa: bwawa tupu unaweza kulipiga, lililojaa ukilipiga maji yanamshukia Sudan aliyeko chini yake. Yaani kila mita ya maji inayopanda ni ngao. Anayetaka kuchelewesha ana mpaka mvua ijayo, hana zaidi. Sijaona saa safi kuliko hiyo kwenye hii miradi mitatu.

Kuna na tukio la Juni 2013, wanasiasa wa Misri wamekaa na rais Morsi wanashauriana namna ya kulihujumu bwawa, hawajui kwamba wako laivu kwenye televisheni.

Kazi yenyewe. Zege, megawati 5,150, ziwa la mita za ujazo bilioni 74, karibu na mpaka wa Sudan. Kwa riwaya siri nzuri iko kwenye mitambo na takwimu kuliko kwenye ukuta: kasi ya kujaza, miaka mingapi, mwaka wa ukame unafanyaje. Mtu anayeiba jedwali la namba anaweza kuwa hatari kuliko mwenye bunduki. Ila jua kwamba namba ni ngumu kuandika, zikizidi msomaji anakimbia.

Mtu mdogo. Mchambuzi wa maji, kijana wa ofisini, anayejua jedwali la kweli na jedwali linalopelekwa kwenye vikao. Au mke wa mvuvi upande wa Sudan anayeona maji yamepungua asubuhi bila kuambiwa.

Vyanzo na hatari. Habari zimejaa, za jana na za leo, kila upande una video zake, na hapo ndo shida inapoanza maana kila upande unasema. Hakuna faili lililofunguliwa. Na watu wako hai. Julai 2018 meneja wa mradi alikutwa amefariki ndani ya gari lake katikati ya Addis Ababa, polisi wakasema alijiua. Nimeona watu wanataka kuanzia riwaya hapo kwa kumtungia muuaji. Nakuomba usifanye. Ana familia, nchi nzima ilimlilia, na ukimtungia kifo unawaumiza watu ambao hawajakukosea. Tunga mtu wako, mpe kazi nyingine, mji mwingine, kifo kingine.

Sasa we uko wapi

Kama ndo unaandika kwa mara ya kwanza na huna hela ya kusafiri zaidi ya nauli ya treni, TAZARA itakubeba, maana harufu, vyakula, maamkizi, vyote unavyo tayari, kichwa kinabaki na kazi ya mkasa tu. Ila usianze 1970. Anzia Chambeshi 1979, rudi nyuma kidogo kidogo.

Kama unapenda vyumba vilivyofungwa, wanaume wa suti wanaodanganyana, karatasi ambayo haitakiwi kuwepo, na una uvumilivu wa kusoma, chukua Aswan na wiki zake za 1956. Anayejua Kiarabu, kwa mfano ndugu zetu walioko Oman au waliosoma Cairo, ana faida kubwa hapa, atapata sauti ya Misri ambayo wengine tutaikosa. Na kama kinachokuvuta ni watu wanaohamishwa kuliko wanaohamisha, Aswan hiyo hiyo lakini anzia Wadi Halfa, Suez iwe kelele za mbali.

Kama wasomaji wako ni vijana wanaofuata habari na wanataka kitu kinachonuka leo, chukua Ethiopia, ila ukubali mambo mawili, kwamba matukio yanaweza kukupita ukiwa sura ya kumi, na kwamba lazima uwe na rafiki Mwethiopia, Msudani na Mmisri wa kukusomea kabla hujaposti. Mi nilimpa mmoja tu asome, wa upande mmoja, na ilionekana.

Unayetoa sura kila wiki, angalia saa kwanza. Ethiopia na Aswan zitakupa kikomo cha sura chenye presha bila kuhangaika, TAZARA itabidi uitengeneze. Unayeandika kitabu kizima kimyakimya miaka miwili, TAZARA inalipa zaidi, ina kina ambacho hakijachimbwa.

Na kama bado huwezi kuchagua, usisome zaidi. Chukua karatasi moja, andika ukurasa wa mkalimani kwenye handaki la Mlimba, ukurasa wa karani wa posta Wadi Halfa maji yakiwa yamebaki miezi, ukurasa wa yule kijana wa jedwali usiku wa kuamkia mvua ya kwanza. Kurasa tatu, kesho yake mpe mtu anayekupenda azisome kwa sauti we ukiwa chumba kingine. Sikiliza ni wapi sauti yake inapungua kasi.